Shangazi Aliniuliza Baba Alisema Nini

Nimekosa, na sitafuti wa kunifariji. Mkinitukana mtakuwa mmenisaidia kazi niliyokwisha kuianza mwenyewe.

Nyumba yetu ya Lizaboni aliijenga babu kwa matofali ya kuchoma. Shangazi yangu, wakati huo msichana, ndiye aliyebeba maji ya kukandia ule udongo. Babu alipofariki nyumba ikawa ya baba. Shangazi alipoachika kwa kukosa mtoto, baba akampa chumba cha uani, na mama yetu alipokufa ni yeye aliyetulea.

Kisha baba akaugua. Tulimrudisha kutoka hospitali ya Peramiho hana nguvu tena. Asubuhi moja, nikimnywesha uji, akanishika mkono.

"Nyumba hii ni ya dada yangu mpaka atakapokufa. Asitolewe. Waambie wenzako."

Chumbani tulikuwa wawili tu. Nilisikia kila neno! Hakusema lingine mpaka alipofariki.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa. Baba mdogo akauliza, "Kuna aliyeachiwa neno na marehemu?"

Jana yake kaka yangu alikuwa amenivuta pembeni. "Mdogo wangu, siku hizi biashara ni ruksa. Chumba cha mbele weka cherehani yako. Lakini shangazi akipewa nyumba, hata sindano hutaichomeka humu."

Nikatazama mkeka. Nikanyamaza. Halafu eti wananiita mpole! Nyumba akapewa kaka.

Jioni shangazi alinifuata jikoni.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa naye. Kaka yangu hakunitaja kabisa?"

"Sikusikia, shangazi."

"Basi. Ugonjwa humsahaulisha mtu." Akavuta ungo, akaanza kunisaidia kuchambua mchele. Mimi! Kunisaidia mimi!

Cherehani yangu haikumaliza hata masika mawili pale mbele. Kaka akamuuzia nyumba mfanyabiashara mgeni. Nilipolia, akacheka: "Nani alikuapia kwamba sitauza? Si ulikuwepo kikaoni? Ulisema nini?"

Nikafungasha cherehani yangu. Laana iwe yake! Na yangu.

Mgeni yule akabomoa ukuta wa uani, akafunga mashine ya kusaga. Baadaye naye akamuuzia mwenye baa. Chumba cha shangazi sasa ni stoo. Kreti za bia zimepangwa pale alipokuwa akipiga magoti kusali!

Shangazi, nyumba ilipouzwa, alikwenda Maposeni kwa ndugu wa mbali, kwenye kibanda kando ya mahindi. Nilimtembelea mara tatu. Nilimpelekea sukari, nilimpelekea sabuni. Neno aliloachiwa na kaka yake sikumpelekea. Aibu ilikuwa imenikaba, nami nikaiachia inikabe.

Siku tuliyomzika, mzee mmoja akanionyesha kwa watu: "Tazameni mtoto huyu. Hajapata kumwinulia shangazi yake sauti."

Nilitaka kumrukia! Laiti ningeinua sauti siku ile moja!

Nyumba ni matofali, hata mwenye baa ataiacha. Ninachoshindwa kumeza ni hiki: shangazi amekufa akiamini kwamba kaka yake alimsahau. Hakumsahau. Mtu wa mwisho aliyemtaja alikuwa yeye, nami nikalikalia neno hilo.

Ninyi mnaosifiwa upole, ogopeni sifa hiyo. Mkiulizwa marehemu alisema nini, semeni hapo hapo, hata sauti ikitetemeka, hata kaka akiwakazia macho. Mimi nimesema leo, na aliyeniuliza hayupo.