Mishipa Miwili Iliyokuwa Mmoja

Siku yangu ya kwanza thieta, chumba cha upasuaji, nilikabidhiwa ndoo ya vitambaa vya damu na maneno makali. Muuguzi kiongozi, mama mnene aliyeogopwa hata na madaktari, aliniambia, "Wewe binti, kitabu chako kiache mlangoni. Humu kila mtu anakuja na mwili wake." Nikadhani ananionea tu, maana nilitoka chuo nikijiona najua kila kitu.

Chuo kilitufundisha kwamba pafu la kulia lina vipande vitatu na la kushoto viwili, vimetenganishwa na mifereji. Katika miaka yangu yote ya kazi hapa Songea nimeona la kulia lenye viwili, la kushoto lenye vitatu, na mengine yasiyo na mfereji kabisa, nyama imeungana. Mtu huzeeka nalo bila habari. Taabu huja pale daktari anapotaka kukata kipande kimoja na kuacha kingine.

Editha alikuwa mkulima wa tumbaku wa Namtumbo. Kifua kikuu kilishapona, lakini kilimwachia shimo juu ya pafu la kushoto, na kila mara alikohoa damu nyingi. La kulia nalo lilikuwa na makovu. Bingwa wa upasuaji wa kifua, aliyekuja kwa ziara, alikubaliana naye na mama yake kwamba atatoa kipande cha juu tu.

Siku hiyo nilikuwa nesi wa kuzunguka, yule asiyegusa kidonda. Kifua kilipofunguliwa, bingwa alilipapasa pafu kwa vidole, akarudia tena. Pafu la kushoto huwa na mishipa miwili mikubwa inayorudisha damu kwenye moyo, mmoja wa juu na mwingine wa chini. Kwa Editha ilikuwa imeungana kuwa mmoja, na makovu yameugandia hata haikuwezekana kuufuata hadi unapogawanyika. Ukiufunga, kipande kizima cha chini nacho kinakufa.

"Ama tutoe pafu lote, ama tufunge kifua," alisema. "Lote hatukukubaliana. Kamuulize mama yake."

Mama Editha alikuwa kwenye benchi la korido. Nikamweleza.

"Akibaki na moja atapumua?"

"Daktari hana uhakika, mama. Anaweza asiamke."

"Na mkifunga?"

"Damu itarudi. Lini, hatujui."

"Chapanga wangu," alisema, akimwita Mungu kwa Kingoni, akajifuta uso kwa kitenge. "Basi fungeni. Nimrudishe nyumbani akiwa hai."

Tulifunga. Editha alipozinduka aliniuliza kama tumekitoa kile kibovu. Nikamwambia ukweli, akageukia ukutani. Damu ilimuua nyumbani, tumbaku yake ikiwa bado shambani. Nililia kama mtoto.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Bombambili, hapa hapa Songea. Manesi vijana wakija kunisalimia nawaambia kwamba siku hizi kuna siti skani, inaonyesha mishipa kabla ya kisu, kwa hiyo wasikubali kifua kifunguliwe bila picha hiyo kutazamwa vizuri. Nawaambia pia ndugu waelezwe yote mapema, wala si kipande tu.

Juzijuzi nilikutana na Mama Editha sokoni, amezeeka sana. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, akaushika mkono wangu asiuachie.

"Nesi," alisema, "laiti mngelitoa pafu lote bila kuniuliza. Leo ningekuwa nawalaumu ninyi, si mimi mwenyewe."