Wadudu ya Meno, Pale Cimpunda

Bibi yangu, mama ya watoto yangu, alivimba shavu mpaka jicho ikabaki kama tundu ya kifungo. Mimi shule niliiachia njiani, lakini nilijua shavu ya vile haingojei. Yeye alikataa dantiste, daktari wa meno, kabisa. Pense, ile koleo ya kungolea meno, aliiogopa kuliko kaburi. Majirani yetu ya mutaa ya Kasha wakamuambia kuko muganga mu Cimpunda, anatoaka wadudu ya meno na moshi. Tukaenda, pamoja na yaya yangu, dada mukubwa wa tumbo moja.

Muganga alivaa koti nyeupe ya daktari, na chini, mabuti ya kulimia. Sisi watu ya Bukavu tunaheshimu ile koti. Mbuzi ikiivaa, tutaipangia mulolongo. Kinywa ya mutu hakuiangalia hata. Anakufunika kikwembe, unainamia beseni ya maji, anatupa mbegu ku makaa, moshi inakuingia kinywani kwa kibuyu. Kisha tunyoo tweupe, njo wale wadudu, tunaelea mu maji, watu wanafanya ishara ya musalaba.

Bibi yangu alitoa wengi. Shavu haikushuka. Muganga akasema hao ni watoto tu, wazazi wangali ndani, arudie kesho.

Hapo yaya akasema naye jino inamuuma. Akafunikwa, akavuta moshi. Wadudu wakajaa kushinda wa bibi yangu. Muganga akainua beseni, akatangaza kama huyu maman angechelewa kidogo tungemuzika. Yaya akajifunua, akapanua kinywa mbele ya wote: ufizi mutupu. Jino ya mwisho ilitoka zamani, fufu, ile ugali yetu, anaimezaka tu.

“Papa,” akauliza polepole, “hawa wadudu walikuwa wanakula nini?”

Muganga akachungulia beseni. “Maman, hawa njo wenye walimaliza meno.”

Watu wakacheka sana, na hakuna mwenye alitoka mu mulolongo. Mumoja akauliza kama anatibu na masikio.

Yaya akakamata mbegu, akatupa ku makaa, akaelekeza kibuyu ku maji masafi, bila kinywa ya mutu. Mbegu zikapasuka, tunyoo tukaelea. Kumbe ni tumumea, tuchipukizi twa ndani ya mbegu.

“Beseni nayo inaumwa,” akamuambia bibi yangu.

Bibi yangu aliangalia maji. Akajifunga kikwembe. “Munipeleke kwa ule wa pense.”

Dantiste alitoa jino na usaha ya kutisha, akasema tungechelewa, ile usaha ingeshuka mu shingo. Bibi yangu alishika mukono yangu kwa nguvu wakati yote. Shavu yake ilipona. Kidole yangu mpaka leo haikunjiki muzuri.