Vigae vya Mkono wa Kushoto

Mumbua hakupita darasa la nne, lakini mwaka ule wa themanini na nne ungemwuliza kazi yake, angekujibu bila kupepesa macho: "Mimi nafanya utafiti." Majirani zake wa mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi, walicheka hadi wakashika mbavu. Utafiti! Mpishi na mfua nguo! Wacheke tu. Ngoja nikueleze, kisha useme mwenyewe kama alikuwa na haki au hakuwa nayo.

Nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa mtaa wa Shela, Malindi mjini, na ilikuwa imepangwa na wasomi watatu wasiokuwa na hata jambo moja la kuzungumza mezani. Nyakio, binti wa Nyeri, alisoma mbu. Si kuwaua, la, kuwasoma! Aliwachota visimani na madimbwini wakiwa bado viluwiluwi, akawafuga vikombeni, akawainamia na hadubini yake tangu asubuhi. Shekha, mzaliwa wa mtaa uleule, alitafiti maneno. Alizunguka na tepurekoda akiwauliza kina mama wazee ungo waliuitaje zamani na waliimba nini wakitwanga. Wa tatu, na mkubwa wao, alikuwa Abdulghani wa Mambrui, aliyechimba magofu nje ya mji na kuleta nyumbani mifuko ya vigae. Ndiyo, vigae, vipande vya vyungu vilivyovunjika miaka mia tano iliyopita.

Kila mmoja aliona wenzake wanapoteza wakati. Nyakio alisema chungu kilichovunjika hakijamponya mtu homa. Abdulghani alisema mbu hana historia. Shekha aliwaambia wote wawili kwamba bila maneno wasingeweza hata kugombana. Mumbua peke yake ndiye aliyewasikiliza wote, maana ndiye aliyefagia vyumba vyote vitatu. Wiki yake ya kwanza alimwaga kikombe cha viluwiluwi akidhani ni maji machafu, Nyakio akalia machozi. Tangu siku hiyo Mumbua hakusuuza kikombe bila kuchungulia ndani, na kule Kisumu Ndogo alipita mlango kwa mlango akiwakaripia wenzake: "Funikeni mitungi! Mbu anazaa humo, nimemwona kwa macho yangu!" Alipenda sana kujua, yule mama.

Lakini alikuwa na jambo lake alilolificha. Mumbua alikuwa na mashoto. Mwalimu wake kule Mwingi alikozaliwa alimpiga vidole kwa rula ili aandike kwa mkono wa kulia, na alipoteremka pwani akakuta huku ndiko kubaya zaidi, mkono wa kushoto hautoi chakula wala haupokei. Basi mbele ya wasomi wake alimimina chai kwa mkono wa kulia, polepole, kijasho kikimtoka, na jikoni alipokuwa peke yake ndipo alipoufungulia ule mwingine.

Siku yenyewe ya balaa Abdulghani alimwachia mifuko mitatu. Mmoja ulitoka shimo la kisimani, mmoja shimo la jikoni, mmoja shimo la msikitini.

"Mama Nduku," alisema, maana Nduku ndiye binti yake, "nioshee vigae hivi kwa hisani yako. Nikirudi nitaviandika nambari."

Akaenda zake. Hakusema kila mfuko uoshwe peke yake. Kwake yeye hilo lilikuwa wazi, kama vile humwambii mtu asichanganye chumvi na sukari. Na ulikuwa mwaka wa ukame. Mfereji ulikuwa umekauka wiki ya tatu, maji yalikuja kwa mkokoteni. Mumbua naye alizaliwa mahali ambapo maji yaliyonawa uso hunawa miguu, kisha hupewa mbuzi. Karai tatu za maji kwa vigae? Dhambi gani hiyo! Akajaza karai moja, akavimwaga vyote humo, akasugua hadi vikameta, akavianika uani kwa safu nzuri, vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo.

Abdulghani aliporudi alisimama mlangoni, akashika kichwa.

"Lahaula! Mama Nduku, umenimaliza."

"Nimefanya nini tena, Mwalimu? Havikutakata?"

"Kigae kisichojulikana kilitoka shimo gani ni jiwe tu! Miaka miwili nachimba! Baada ya wiki tatu nasimama mbele ya maprofesa kuonyesha kama pale msikitini, kisimani na jikoni palikaliwa na watu wa wakati mmoja. Nitawaonyesha nini sasa? Usafi?" Akageuka ili asimwone. "Kesho usije."

Mumbua alirudi nyumbani. Nduku alikuwa kidato cha pili, na karo yake ilitoka kwenye mshahara ule. Na si hilo tu, nisikufiche. Katika nyumba zote alizotumikia Malindi, ni ile pekee iliyomwita Mama Nduku. Kwingine alikuwa "wewe yaya." Kuikosa nyumba ile kulimuuma kama msiba.

Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni. Alikuta karai palepale, tope limetuama chini, na Abdulghani amekaa mbele ya vigae kama mtu aliyefiwa.

"Shikamoo, Mama Nduku," alisema Shekha kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu, najua ulisema nisije. Lakini aliyemwaga ndiye afagiaye, nikishafagia nitakwenda." Akamgeukia Nyakio. "Wewe binti, unaweza kuona unywele kwenye mguu wa mbu. Utashindwa kuona uchafu uliobaki kwenye ufa wa kigae? Nilisugua, ndiyo, lakini brashi haiingii ndani ya nyufa."

Nyakio akamtazama Abdulghani. Abdulghani akainua kichwa. Miezi minane walikaa nyumba moja, na hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake hata sindano!

Wakaanza. Nyakio alichokonoa nyufa kwa sindano yake nyembamba, akaweka vumbi lile chini ya hadubini. "Huyu ni konokono wa maji baridi!" akapiga kelele. "Namwona kila siku nikichota viluwiluwi. Hiki ni cha kisimani." Kingine kilikuwa na majivu na gamba la samaki, kikaenda jikoni. Kingine kilikuwa na chokaa nyeupe, na katika kuchimba kwake Abdulghani hakuona chokaa popote isipokuwa kwenye ukuta wa msikiti. Shekha aliandika vikaratasi. Mumbua aliwapitishia vigae kimoja kimoja, na hakuna aliyekumbuka kwamba alifukuzwa.

Adhuhuri ilipoadhiniwa vilikuwa vimebaki kama thelathini, vimetakata kabisa, havina hata punje. Abdulghani alikwenda kuswali, akarudi akasema hivyo ataviacha, alhamdulillahi, alivyopata vinamtosha.

"Ngoja kidogo," alisema Mumbua.

Alikuwa amekodolea macho michoro ya shingoni, ile mistari mifupi iliyolazwa upande ambayo wafinyanzi huchora kabla chungu hakijakauka. Akachagua kigae hapa, kigae pale, akaviweka kando. Tisa, kumi, kumi na moja. Vingine vilitoka katika vile thelathini, vingine vilikuwa tayari na vikaratasi.

"Hivi vimefinyangwa na mtu mmoja," alisema. "Mwanamke mwenye mashoto."

"Umejuaje?" Shekha alimwuliza, na mkono wake ulikuwa umeshawasha tepurekoda.

Kusema Mumbua angeweza. Kuonyesha ndiko kulikokuwa na aibu. Kisha akaingia jikoni, akatoka na donge la unga wa chapati na kijiti, akalibandika mezani. Akachora mistari kwa mkono wa kulia, ikalalia kulia. Akavuta pumzi, akakihamisha kijiti mkono wa kushoto, mbele yao wote, akachora tena, haraka, mistari mizuri iliyonyooka. Ikalalia kushoto, sawasawa na ile ya kwenye vigae.

"Mama yangu alikuwa mfinyanzi," alisema. "Alikuwa na mashoto kama mimi. Utotoni walimfunga mkono kwa kamba ya katani usiku na mchana, kamba ikaoza, mkono ukabaki vilevile. Sokoni wengine walivikataa vyungu vyake, wakasema chakula chake kina mkosi. Mimi nilivijua gizani kwa kidole. Hakuna hata kimoja kilichobaki."

Mumbua alijipangusa macho kwa kanga, akashika kigae chenye karatasi ya kisimani, akajaribu kukiunga na hiki, akakikataa, akajaribu na kile, jinsi mama anavyounga chungu alichovunja mtoto ili ajue hasara yake. Mara kikakaa, ufa kwa ufa, mstari kwa mstari. Akageuza kile cha pili kusoma karatasi yake, maana kusoma alijua. Msikitini.

"Mwalimu," alisema, "chungu kimoja kinaweza kuvunjika karne mbili?"

Abdulghani alisimama hadi kiti kikaanguka. "Subhanallah! Chungu kimoja, mashimo mawili, basi watu wa wakati mmoja! Mama Nduku, unajua umefanya nini? Hivi ndivyo nilivyovitafuta miaka miwili, navyo vilikuwa katika mifuko miwili mbalimbali! Ningeviosha mimi, kila mfuko peke yake, nisingeviona vikikaa pamoja hadi nife."

"Lakini usinizoeze kuchanganya," alisema Mumbua, na wote wakaangua kicheko, cha watu walioponea chupuchupu.

Abdulghani akafungua daftari lake kubwa. Alisema makundi mengine ameyapa herufi tu, alifu, be, te, lakini kundi hili la mfinyanzi mmoja linataka jina, nalo litakwenda mbele ya maprofesa kama lilivyo. Akamwuliza Mumbua aandike nini.

Mumbua hakufikiri. "Andika Kasiva. Ndilo jina la mama yangu. Huyu wa zamani wamemsahau jina, wangu wamemkataa vyungu. Nawaende pamoja."

Abdulghani akaandika, akamgeuzia daftari ahakikishe. Mumbua akasoma herufi moja moja, akarudia mara ya pili. Kisha akakumbuka kwamba watu hawajanywa chai tangu asubuhi. Akaleta birika, akaanza na mkubwa wao, na alipotazama akaona mkono unaomimina ni wa kushoto, unga bado umegandamana kwenye kidole. Akasita, birika likiwa hewani.

Abdulghani, mwana wa Mambrui aliyelelewa vyema, akasogeza kikombe chake.

"Mimina, Mama Nduku," alisema. "Mkono huo ndio nitakaoueleza huko chuoni."