Lengalenga Nilizopanda Agosti

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya mwisho wa baridi ambapo jua la Johannesburg lilinidanganya, nami nikakubali kudanganywa. Nilikuwa nimetoa cherehani yangu uani, kwenye nyumba tuliyopanga Malvern, nashona pindo la suruali ya mteja huku jua limeniegemea mgongoni kama paka. Mpichi wa mwenye nyumba ulikuwa umejaa maua bila hata jani moja. Upepo wa Agosti ulileta lile vumbi la njano kutoka kwenye vilima vya migodi, na ndani ya vumbi hilo, nikiwa nusu macho nusu usingizini, nikasikia harufu ya lengalenga za mama yangu zikichemka kwetu Uvira.

Lengalenga ni mchicha, kama hujui. Wengi wenu vijana mmezaliwa huku na mnaujua kwa jina jingine, au hamuujui kabisa, na hilo si kosa lenu. Kwetu kando ya ziwa mboga hiyo haikuwa na msimu. Ulitupa mbegu wakati wowote, ukaenda shughuli zako, ukarudi kuchuma. Nilipokuwa naondoka, mama alinifungia mbegu kwenye ncha ya kitambaa, ndogo, nyeusi, zinazong'aa, akaniambia popote nitakapolala nipande. Hakuniambia nipande lini. Kwa nini angeniambia? Kwetu swali hilo halikuwepo.

Basi nikaamka kwenye kiti, nikaacha suruali ya watu, nikachimba kitalu kidogo chini ya ukuta unaopigwa na jua, nikapanda. Ujinga wangu ulianzia hapo, na univumilie kidogo nikueleze kwa nini haukuwa ujinga mdogo.

Mke wangu Furaha alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yetu ya kwanza. Siku chache kabla, nesi wa kliniki alikuwa amempima akasema damu yake iko chini. Alimpa vidonge, akamwonya asiviruke hata siku moja, na juu ya vidonge ale majani ya kijani, maharage na machungwa, na chai ainywe mbali na chakula. Kisha akasema neno lililotutisha wote wawili: damu isipopanda, kujifungua kutakuwa na hatari, na hatakubaliwa kujifungulia pale kliniki ya karibu. Furaha alikuwa anachoka kwa kupanda ngazi tatu tu za mlango wetu. Nilimsikia akipumzika kwenye ngazi ya pili, nikakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili nisisikie.

Unataka kujua tulikuwa tunakula nini? Mimi nilikuwa nakula nyama. Nilikulia nyumba ambayo nyama ilikuwa ya Krismasi na ya msiba, kwa hiyo nilipopata cherehani yangu mwenyewe niliapa kwamba jioni haitapita bila nyama na ugali mweupe wa huku, huu wanaouita pap. Furaha, tangu ashike mimba, harufu ya nyama ilimchefua. Nilimwekea, akaisogeza pembeni, akanywa chai na mkate mweupe. Nikaona ni deko la mimba. Nesi aliposema majani, mimi nikasikia lengalenga, kwa maana majani mengine yote ya dunia hii sikuyahesabu kuwa majani. Kabichi na spinachi niliziona ni chakula cha mtu aliyeshindwa na mji.

Siku ile ile ya kupanda, Mama Zawadi alipita. Huyu alikuwa mama mtu mzima wa Fizi, jirani na kwetu Uvira, mwenye kibanda cha mboga kwenye kona ya Jules Street, na ukipita bila kumsalimu alikuita kwa jina la baba yako mbele za watu. Alisimama kwenye uzio akanitazama nilivyopiga magoti.

"Unapanda nini mu baridi, baba?"

"Lengalenga, mama. Baridi imekwisha."

"Haiyaisha. Inapumuzika tu. Ngoja mvua ya kwanza." Akaweka beseni lake chini. "Leo kuko spinachi, kuko bitiruti, kuko karoti. Mupe bibi yako Furaha ile yenye iko."

Nami, kijana niliyejua kila kitu, nikamjibu kwa methali: "Mwacha asili ni mtumwa, mama."

Alicheka mpaka beseni likatikisika. "Sharp, Bwana Asili," akasema, yaani sawa kwa lugha ya mtaani huku, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata nilikuta mfuko umetundikwa kwenye geti letu. Ndani mlikuwa na majani ya bitiruti, mapana, yenye mashina mekundu, yale ambayo wateja wake walimwomba ayakate kabla hawajachukua bitiruti zenyewe. Aliyaweka kwa ajili ya Furaha. Nikatazama nyuma kama Furaha ananiona, hakuwepo, nikautia mfuko kwenye pipa la taka. Nilijiambia: mimi fundi mwenye mashine yangu, mke wangu ale vilivyokatwa na wengine? Siku mbili baadaye ukaja mfuko mwingine, nikafanya vile vile. Na wa tatu pia. Naona aibu kuyasema haya hata leo, mwanangu, lakini aibu isiyosemwa haimfundishi mtu.

Wakati huo lengalenga zangu ziliota. Ukuta ule ulikuwa unahifadhi joto la mchana, na mbegu, kama mimi, ziliamini. Vijani vidogo, vyekundu kwa chini, vilisimama mistari mistari, na kila asubuhi Furaha alileta kiti akakaa navyo juani, mkono tumboni, macho yamefumbwa. Nami nilishona huku namwona yeye, naona vijani, na nyuma yake, badala ya ukuta, naona ziwa na milima ya kwetu. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama zile. Nilikuwa naota mchana kweupe, na mtu anayeota hapendi kuulizwa swali.

"Zitakuwa tayari lini?" Furaha aliniuliza.

"Wiki mbili," nikamwambia, na yeye akaniamini.

Kisha asubuhi moja tuliamka kukiwa kimya. Hakukuwa na upepo. Nyasi za uani zilikuwa nyeupe, maji ya ndoo yameshika ganda la barafu, na lengalenga zangu zote zimelala chini, nyeusi, zimelegea kama zilizochemshwa. Sakitu, ule umande unaoganda usiku, ilikuwa imepita. Jua lilipotoka lilitoka zuri sana, la joto, kana kwamba halikuhusika.

Juma hilo hilo tukarudi kliniki. Damu ilikuwa imeshuka zaidi. Nesi hakutugombeza, aliandika tu, akatuambia turudi baada ya wiki chache, na kwamba safari hiyo ndiyo itakayoamua. Tukatembea kurudi nyumbani. Pale kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, tukingoja igeuke tuvuke, Furaha akaniuliza bila kunitazama:

"Zile majani za Mama Zawadi uliziweka wapi?"

Nikaikazia macho ile taa nyekundu.

"Aliniuliza kama zilikuwa tamu," akasema. "Nikamwambia zilikuwa tamu sana."

Robot ikageuka kijani, watu wakavuka, sisi tukabaki tumesimama. Mke wangu, mwenye damu ya kuhesabika, alikuwa amesema uongo ili mimi nisiaibike, juu ya chakula ambacho kingempa nguvu na ambacho nilikitupa mimi. Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

Nilimfikisha nyumbani, nikaenda moja kwa moja kwenye kona ya Jules Street. Mama Zawadi alikuwa anafunga spinachi mafungu mafungu. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama mbele ya wanunuzi, maana nilihisi sistahili kiti. Aliendelea kufunga spinachi.

"Nilikuwa najua," akasema. "Napitaka pale kwenu kila asubui. Pipa yenu haina kifuniko."

"Sasa kwa nini uliendelea kuleta, mama?"

"Juu bibi yako aliendelea kuwa na mimba." Hapo ndipo aliponitazama. "Sikia, Bwana Asili. Mutoto yenye iko mu tumbo hakulake kumbukumbu ya Uvira. Anakulaka chenye mama yake amekula leo. Na ile asili yenye unasema, haiko mu jani. Mama yako alikupa lengalenga juu ndiyo ilikuwa pale mulangoni, mbichi, ya siku ile. Kama angekaa huku, angekupa bitiruti. Wewe ulishika jani, ukasahau mama."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi, wengine kwa kelele. Hakuna maneno yaliyoniingia kama yale, na yalisemwa kwa sauti ya mtu anayeuza mboga.

Akanijazia mfuko, akanieleza cha kufanya. Na kwa kuwa Furaha hakuwa na nguvu za kusimama, niliingia jikoni mwenyewe. Kwetu mwanamume hakuonekana jikoni, na kama wenzangu wangeniona wangenicheka mpaka leo. Niliosha majani ya bitiruti nikayakata pamoja na mashina yake. Nikakaanga kitunguu, nikayatia, nikaongeza karanga za kusaga na maharage ya kopo. Yalikuwa na chumvi nyingi, na upande mmoja yameungua. Nikakamulia chungwa juu ya mboga kama Mama Zawadi alivyoniagiza, chai nikaificha kabatini. Alikula taratibu, akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Akasema, "Sasa hizi kweli ni tamu," na hapo ndipo tulipocheka, na kidogo mimi nikalia.

Tangu siku hiyo tuliufuata mwaka kama watu wanaotembea nyuma ya mwenyeji. Baridi ilikuwa bado na vyake: maboga yaliyohifadhiwa, karoti tamu, kabichi ngumu, viazi vitamu, machungwa na chenza za mwisho. Tulivila vyote bila kuviita vya walioshindwa. Kisha chakula kikaanza kubadilika chenyewe, polepole. Njegere zikaja, Furaha akazimenya uani na kula nusu kabla hazijafika sufuriani. Vitunguu vikaja na majani yake. Njiani kwenda kliniki palikuwa na mforosadi, mti wa matunda madogo meusi, uliotokeza matawi yake nje ya ukuta wa mtu, na Septemba ilipokuwa inaishia njia yote chini yake ikawa ya zambarau. Tulisimama pale siku ya kipimo, tukachuma forosadi zilizoning'inia njiani, tukala, tukaingia kliniki midomo na vidole vimebadilika rangi. Nesi alitutazama, akacheka, akapima. Damu ilikuwa imepanda. Vidonge vilifanya kazi yake na sahani ikafanya yake, wala sitaki useme mzee fulani alikuambia utupe vidonge.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri moja ya Oktoba, na radi za huku, mawe ya barafu yakigonga mabati. Siku chache baadaye nilikuwa nashona uani, nikasikia Furaha ananiita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi. Nilikimbia nikidhani ni uchungu. Alikuwa amesimama kwenye kile kitalu nilichokiacha tangu sakitu, nilichokuwa hata sikitazami. Kilikuwa kimejaa. Mbegu nilizozifukia chini sana, zile ambazo joto la Agosti halikuzifikia, zilikuwa zimelala tu zikingoja. Sikuwa nimezipa maji, sikuwa nimepalilia. Mbegu za mama yangu zilikuwa na akili kuliko mimi.

Neema alizaliwa pale pale kliniki ya karibu, na chakula cha kwanza Furaha alichoomba kilikuwa lengalenga. Nilizichuma mwenyewe, na fungu la kwanza nikampelekea Mama Zawadi. Alilinusa, akafumba macho kwa muda mrefu, na sikumuuliza alikuwa amefika wapi.

Mama Zawadi hayupo tena, na pale kwenye kona siku hizi wanauza vifuniko vya simu. Neema ni mtu mzima, nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, lakini kila Agosti, jua likianza tu kuwa zuri, ananiuliza, "Papa, tupande?" Namwambia bado. Tunakaa juani tunamenya chenza za mwisho.

Basi sikia, mwanangu, nami nimalize. Mimi ni fundi, na nguo ya mtu haikatwi kwa vipimo vya mtu mwingine, ila chakula nilikikata kwa vipimo vya nchi nyingine. Waliosema usidharau dafu, embe ni tunda la msimu, walikuwa wananisema mimi. Kula kilicho mlangoni pako leo. Usione haya kwa majani, wala kwa mkono unaokuletea. Cha kwenu kitunze, usikitupe hata punje, lakini kipande wakati wake, na wakati wake ukiwa haujafika, usimwache mtu na njaa ukimwahidi wiki mbili.

Mungu akujalie sahani yenye kijani hata katika mwezi mkavu, na jirani asiyechoka kutundika mfuko kwenye geti lako. Akujalie mtu wa kukuambia ukweli mapema, kabla ya kliniki. Na ulichokipanda kwa haraka kikifa, akubakizie mbegu chini ya udongo, na mvua ije ikukute bado upo.