Mashini ya Fimbo Mbili na Kilima ya Patron

Siku ile ya mashini naikumbukaka vizuri, mwanangu, kupita hata siku ya ndoa yangu, na siku ya ndoa nilivaa viatu ya kuazima yenye ilinifinya mpaka mangaribi. Umeniambia kama unataka kuagiza Kampala mashini ya kukata majani, ile ya kupanda juu kama pikipiki, sababu parcelle yako, ile kiwanja ya Bungulu kule Beni, iko munene na mikono inachoka. Ni muzuri. Sikukatalii. Mais sitakuacha uagize mbele ya kusikia yenye ilitupata Butembo, kwa mutaa ya Mususa, miye na babu yako Paluku, wakati ya vita.

Tulikuwa mu mwaka wa pili ya ndoa. Paluku alikuwa anakata majani kwa patron mumoja, mucommerçant, mwenye nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya kilima. Unatujua sisi batu ya Butembo, mutu anajenga pale hata mbuzi inaogopa. Mbele ya nyumba pelouse, ile kiwanja ya majani, ilikuwa sawa, haina kushuka. Mais nyuma ilikuwa inashuka, inashuka, mpaka kwa shimo ya érosion, pale mvua inakulaka udongo, ile shimo yenye ilimezaka choo ya jirani, na tunashukuru Mungu ndani hamukukuwa mutu.

Patron hakutaka majani irefuke hata kidole mbili. Hapana kwa urembo tu. Wakati ile, majani murefu karibu na nyumba ni kitanda ya mutu mwenye bunduki. Donc Paluku alikuwa anakata kila siku na coupe-coupe, ile chuma yenye imepinda kwa ncha. Kisha askari bakaanza kusema: mutu yeyote mwenye tunaona na coupe-coupe kwa njia, ule ni muasi, ametoka pori. Jirani yetu akakamatwa asubuhi akienda kukatia mbuzi yake majani. Akarudi kisha siku tatu. Miye nikamwambia Paluku, ile kitu hautaibeba tena kwa barabara.

Patron naye akasema, "Basi nitaleta mashini." Alikuwa anaenda Dubai kuchukua bidhaa, juu bacommerçant yetu banasafiri, vita ao hapana vita. Akamupa Paluku kitabu ya picha ya mashini: "Chagua, weye njo utapanda." Paluku alikuwa mutu wa haya. Akaleta kitabu nyumbani, na ni miye nilichagua. Nilifikaka darasa ya tatu tu, mais picha najua kusoma.

Kulikuwa mashini tatu. Moja ya kusukuma na mikono. Ingine ilikuwa na volant, ule usukani, kama gari, na mipira minene. Ya tatu haikukuwa na volant, iko na fimbo mbili tu, unavuta moja unasukuma ingine, mashini inageuka papo hapo kama mutu anacheza muziki. Nyekundu, inangaa. Juu yake muzungu anacheka, shati haina hata jasho.

"Hii," nikasema.

"Masika, iko na tumagurudumu tudogo kwa mbele," Paluku akasema, "kama ya kitanda ya hopitali."

"Kwani uko mugonjwa? Chagua hii."

Unaona kosa yangu? Mu ile picha udongo ilikuwa sawa kama meza. Miye mutu ya kuzaliwa kwa mulima, tangu butoto nalimaka muguu moja juu ingine chini, sikuona. Macho ilienda kwa rangi.

Mashini ikafika kwa kamio, gari ya mizigo, kutoka mupaka ya Kasindi, na mutaa yote ikakuja kuangalia. Siku ya kwanza Paluku akakata mbele ya nyumba. Ee mwanangu, alikuwa anazunguka maua bila kuigusa, bibi ya patron anapiga makofi, na miye nasimama pale kifua mbele kama ni miye nimeitengeneza. Siku ya pili, asubuhi, umande ikingali kwa majani, akaenda upande ya nyuma.

Ile mashini, nguvu yake yote iko kwa magurudumu ya nyuma. Njo inasukuma, njo inageuza. Yakiteleza, fimbo unashika ya bure, na yale madogo ya mbele inaenda kwenye inataka. Nikaona Paluku anavuta, anavuta, na mashini inashuka tu polepole, bila haraka, kama mutu anaenda misa. Nikaita jina yake. Akaruka. Mashini ikaenda kupiga kisiki ya eucalyptus na kusimama, na nyuma ya kisiki shimo ilikuwa hatua moja. Goti ya Paluku ikavimba kama boga.

Mama mukwe wangu akakuja na maji moto na kitambaa. Akakanda goti ya mutoto wake, akauliza, "Nani alichagua hii chuma?"

"Ni miye, mama," Paluku akajibu haraka.

Mama mukwe hakumuangalia. Aliangalia miye. "Masika, kwa likirimba yenu munafanyaka namna gani mukienda kulima kwa mwenzenu?"

Likirimba ni kile kikundi yetu ya banamuke, tunalimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Nikamujibu chini chini: "Tunatembea shamba yote kwanza, mama. Kutoka chini mpaka juu."

"Na jembe?"

"Tunachagua kisha."

"Basi kwa jembe uko na akili, kwa bwana hapana." Akakamua kitambaa. "Nasikia patron anataka Paluku apande tena, sababu siku ya yenga, siku ya misa, iko na bageni. Unakaa hapa unafanya nini?"

Nikavaa kikwembe yangu muzuri, nikaenda.

"Patron," nikasema, "ile mashini ni miye niliichagua, Paluku alinifunika tu. Hatapanda tena upande ya nyuma."

Akanicheka. "Kuko batu kumi banataka kazi yake."

"Najua, patron. Na bale kumi usibapandishe."

Akaacha kucheka. "Na majani? Ikirefuka pale nyuma, batu banajificha mule, bananiingilia mu nyumba. Utakuja kunilinda weye?"

"Kwanza ushuke na miye mpaka kwa kisiki. Na viatu yako hivyo hivyo."

Alikuwa na viatu ya Dubai, ngozi laini mpaka chini, na majani ilikuwa imelowa maji. Hatua ya tatu, miguu ikaenda mbele na patron akabaki nyuma. Akateleza na makalio, suruali ya kostime na yote, mpaka kwa kisiki. Bibi yake kwa dirisha alicheka mpaka akashika ukuta. Miye nikang'ata midomo. Mais yeye hakucheka wala kukasirika. Alikaa tu mu ile maji, anaangalia shimo.

"Masika, ni mbali hivi tu?"

"Ni mbali hivi tu, patron."

Ile mashini ikabaki kazi ya mbele ya nyumba, pale sawa. Nyuma, nikamuomba aachie likirimba yetu ikate na mikono, akakubali. Macoupe-coupe ililala kwa patron mu dépôt, ile stoo yake, sisi tunapita kwa askari mikono mitupu, banatuuliza tunaenda wapi, tunasema tunaenda kuongea tu na bibi ya patron. Kwa ukingo ya shimo tukapanda matete ishike udongo, na tuliikata kila mara isirefuke. Na Paluku akabaki na kazi yake, na miguu yake mbili.

Sasa sikia, mwanangu. Najua Beni haina milima kama kwetu, mais parcelle yako inashuka kidogo kwa nyuma kuelekea mutoni, niliiona. Asubuhi kisha mvua, vua viatu, utembee yote. Pale kisigino yako inateleza, mashini ya fimbo mbili isifike. Ukikuta upande yenye inashuka njo kubwa, chukua ya volant, na ile nayo usipande majani ikilowa. Karibu na mutoni acha nafasi, ukate na mikono, hakuna mwenye atakuona mukiwa, masikini. Upime na kamba mulango ya parcelle, sababu mashini yenye upana yake inazidi mulango utailaza njiani. Uulize kisu na mukaba ya kubadilisha kama inapatikana Butembo. Na usiagize kwa picha. Ukae juu yake, uiendeshe. Muuzishaji akikatala, toka mu magasin yake, usirudie. Batoto bakae ndani wakati unakata, hapo sitaki maneno.

Mungu akupe udongo yenye inashika muguu yako. Akupe bibi mwenye anakuambia kweli mbele ya kitu kuharibika, na batoto benye banalala kwa majani mufupi mangaribi, bila mutu kuogopa kitu iko nyuma ya nyumba.