Bega la Spoku

Kaka yangu alikuwa fundi baiskeli kwa miaka thelathini na moja, na kwa wembamba wake, kama njiti ya gurudumu, watu wote walimwita Spoku. Tulimzika mwezi uliopita. Moyo ulisimama akiwa amelala, bila kelele, kama alivyoishi. Mungu amrehemu. Naandika juu ya asubuhi moja ya mvua kwa sababu ilisimuliwa msibani, na haikusimuliwa yote.

Kila Jumamosi alipanda milima kwa baiskeli na Mwalimu, kijana anayefundisha hisabati, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Mimi, dada yake mdogo, niliwafuata nyuma nikihema. Kabla ya kutoka kaka alikuwa na utaratibu wake: anaomba, mkono juu ya kiti cha baiskeli, kisha anaifuta ya Mwalimu kwanza na yake baadaye. Alikuwa na vitambaa viwili, cheusi cha mnyororo na mafuta, cheupe cha rimu, pale breki zinapobana. Hakuvichanganya hata siku moja.

Asubuhi ile alitoa kitambaa mfukoni bila kukiangalia, akaifuta ya Mwalimu huku wakitaniana. Mvua ikaanza, yake akaiacha.

"Mzee, ukichoka uniambie nikusukume."

"Unisukume mimi? Wewe sukuma chaki."

Tulipanda kwa saa nzima. Kileleni mawingu yalitufunika na maji yalikuwa yakitiririka juu ya lami. Mteremko wa upande wa pili una kona tatu, na baada ya kona ya tatu kuna daraja jembamba la kupita gari moja tu.

Mwalimu alitangulia. Kwenye kona ya kwanza nilimwona akibana breki na mwendo haupungui. Kwenye ya pili alipiga kelele, wala si neno, sauti tu. Kule chini lori lilikuwa likija kuelekea darajani, taa zimewashwa.

Kaka yangu akaachia breki zake. Hilo lilinitisha kuliko lori. Aliinama, akakanyaga pedali kwa nguvu zote kwenye mteremko ule ule. Nilianza kuomba kwa sauti, nikichanganya sala zote nilizojua tangu utotoni. Nilikwisha kuwaona wote wawili wamelala chini wamefunikwa.

Alimfikia, akawa ubavuni mwake. Maneno yao waliniambia baadaye.

"Shika bega langu. Usinivute, nilalie tu."

"Tutakufa wote, mzee."

"Shika bega, mwanangu."

Akashika. Kaka akabana breki kwa ajili ya watu wawili, akashusha mguu, kiatu kikaburuzika kwenye lami. Nilisikia harufu ya raba ikiungua kwenye mvua ile. Hatua chache kabla ya daraja walianguka pamoja kwenye tope. Lori likapita, dereva akapiga honi kana kwamba wamemzibia njia.

Nilipofika, soli ya kaka ilikuwa imelika hadi kwenye soksi.

"Mwalimu, hisabati inasemaje?"

"Imegoma, mzee," akajibu, kisha akatapika.

Kaka akapitisha kidole kwenye rimu, akakinusa. Mafuta. "Kosa langu," alisema. "Nisamehe."

Tulipofika nyumbani alitoa vile vitambaa akavilaza mbele yangu. Vyote viwili vilikuwa vya kijivu.

"Umevifua?"

"Nilitaka kukusaidia."

Jana yake nilikuwa nimevifua katika beseni moja, na mafuta ya kimoja yakaingia kwenye kingine. Kaka alivikunja pamoja, akavitia mfukoni.

"Hili tumwachie Mungu," alisema. "Mwalimu akijua hatakubali tena kupanda na wewe."

Msibani Mwalimu alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa kukiri makosa yake, akatoa mfano wa yale mafuta. Watu waliitikia. Mimi niliinamisha kichwa, nikiogopa kama nilivyoogopa mteremkoni, maana kaka yangu alikuwa amezikwa na kosa langu.

Juzi nilimkuta Mwalimu kwenye karakana ya kaka akijaza upepo. Nikamweleza yote. Hakuacha kupampu. Alipomaliza alibonyeza tairi kwa kidole, mara mbili.

"Dada," alisema, "Jumamosi tupande. Ila yangu naifuta mwenyewe."