Gauni la Kuimbia

Juzi nilikuwa kwa fundi wa nguo mtaani Mbotela, nikingoja suruali, mama mmoja alipokuja kujaribu gauni la kwaya. Okestra na kwaya ya mtaa zinafungua msimu wa matamasha Jumamosi.

"Iko fiti, mama," fundi akasema.

"Fiti ya kusimama tu. Mimi naenda kuimba."

Akaweka mkono tumboni, akavuta pumzi, akaachilia sauti ndefu mpaka vyerehani vikanyamaza. Mshono wa ubavuni ukaachia.

"Ingepasukia mbele ya watu," fundi akasema.

"Ndiyo maana imepasukia kwako."

Fundi akachukua chaki. "Vuta tena, nipime hiyo pumzi."

Akavuta. Sote tuliokuwa tukingoja tukavuta naye.

Suruali yangu haijaguswa. Jumamosi nitaenda kumsikia akiimba, hata kwa ile kuukuu, kwa sababu pumzi niliyovuta pale sijaitoa bado.